Kuimarisha Kiuno kwa Vyuma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Jimuni

Hapa Kisumu wanaokuja jimuni kwa ajili ya kiuno ni watu wa kila aina: dereva wa tuktuk wa Kondele aliyekaa kitini tangu alfajiri, mama wa Kibuye anayevuta marobota ya mitumba, muuguzi anayegeuza wagonjwa usiku kucha, mwanafunzi wa Maseno anayetaka kuinua mara mbili ya uzito wake. Maswali yao hufanana kuliko wanavyodhani. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: hakuna zoezi moja linalomaliza kazi ya kiuno. Kiuno kinahitaji kufundishwa kushikilia bila kulegea, na pia kuinua kwa nguvu zake chenyewe. Mazoezi mengi hufundisha moja tu kati ya hayo.

Tukisema kiuno tunazungumzia misuli gani?

Ni sehemu iliyo kati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga. Hapo uti wa mgongo una pingili 5, kubwa kuliko zote za juu, na kati ya pingili na pingili kuna diski. Kulia na kushoto kwa uti imepita misuli mirefu inayousimamisha mgongo. Simama, weka vidole hapo, kisha inama kidogo mbele: utaihisi ikikakamaa. Chini yake kuna misuli mifupi inayoshika pingili moja kwa nyingine, iitwayo maltifidasi. Pembeni kuna mwingine unaotoka ubavu wa mwisho hadi nyongani, na huo ndio unaokuzuia kulalia upande mmoja ukibeba ndoo kwa mkono mmoja.

Makalio na misuli ya nyuma ya mapaja si kiuno, lakini ndiyo yenye nguvu kubwa ya kuinua mzigo. Ikizembea, kiuno hubebeshwa kazi isiyo yake.

Kocha, kati ya dedilifti na benchi la kiuno, lipi linajenga kiuno zaidi?

Dedilifti ni kuinua chuma kutoka sakafuni mpaka usimame wima. Ukiifanya vizuri, kiuno hakikunjiki wala hakinyooki. Mwendo wote uko nyongani na magotini. Misuli ya kiuno inafanya kazi kubwa sana, ila ni kazi ya kukaza bila kusogea. Faida yake kuu ni kwamba uzito unaweza kuongezwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na mwili mzima unajifunza kuinua kama kitu kimoja.

Kwenye benchi la kiuno miguu imebanwa, nyonga zimeegemea mto, na kifua kinashuka na kupanda. Uzito ni mdogo, lakini ukilipanga sawasawa, kiuno chenyewe ndicho kinachosogea.

Kuna jaribio ambalo kila anayebishana juu ya jambo hili angefaa kulijua. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza, Fisher, Bruce-Low na Smith, waliwagawa wanaume waliozoea vyuma katika makundi. Kundi moja lilifanya dedilifti ya Kirumania, ile ambayo mzigo haugusi sakafu. Jingine lilitumia mashine inayozibana nyonga zisisogee ili kiuno kifanye kazi peke yake. Baada ya wiki 10, wa dedilifti walikuwa wameongeza uzito wa dedilifti, lakini kiuno chao kilipopimwa peke yake kwenye mashine hakikuwa kimeongeza nguvu. Wa mashine waliongeza nguvu ya kiuno, na dedilifti yao ikapanda pia, ingawa hawakuwa wakiifanya.

Ukweli huo ndio unaonifanya nimwambie kijana anayejivunia dedilifti ya kilo 140 kwamba bado ana deni kwa kiuno chake. Mashine ya namna hiyo ni ghali na jimu zetu nyingi hazina. Benchi la kiuno ndilo linaloikaribia.

Kwa hiyo fanya zote mbili. Anza na dedilifti mwili ukiwa haujachoka, kisha benchi siku hiyohiyo mwishoni. Ukinilazimisha nichague moja kwa mtu ambaye hajawahi kugusa chuma, nitamweka kwenye benchi kwa wiki 6 za kwanza, kwa sababu atajifunza kukaza kiuno bila kushika mzigo wowote mkononi. Aliyekwama kwenye dedilifti kwa muda mrefu naye namrudisha kwenye benchi hilohilo.

Dedilifti ziko nyingi. Nianze na ipi?

Anza na ya Kirumania, ukiwa na dambeli mbili nyepesi, yaani vyuma vifupi vya kushika kwa mkono mmoja mmoja. Jina lake lilitokana na Nicu Vlad, mnyanyuaji wa Romania aliyewaonyesha Wamarekani zoezi hilo mwaka 1990. Unaanza ukiwa umesimama, unasukuma makalio nyuma, mzigo unateleza karibu na mapaja mpaka chini kidogo ya magoti, kisha unarudi. Mzigo haugusi sakafu. Inakufundisha kuinamia nyongani, na bila ujuzi huo mazoezi mengine yote ya kiuno ni hatari tupu.

Ya kawaida, ya kutoka sakafuni, hudai zaidi. Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji. Sahani rasmi za vyuma zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma hukaa takriban sentimita 22 juu ya sakafu. Jimu nyingi za mtaani hutumia sahani ndogo, au makopo ya rangi yaliyojazwa zege, na chuma kinakaa chini zaidi ya hapo. Mtu mrefu akikifuata huko chini, kiuno kitakunjika atake asitake. Weka chuma juu ya vipande vya mbao au tairi kuukuu mpaka kifike katikati ya muundi. Tena yale makopo yapime. Mawili yaliyojazwa siku moja kwa macho huonekana sawa, kumbe moja limezidi jingine kilo kadhaa, na ukiinua chuma kilichopinda upande ni ule msuli wa pembeni utakaolia. Mizani ya posho mill inatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Sumo, ya miguu iliyotanuliwa, humwacha mtu na kifua kilichosimama zaidi, na hivyo kiuno hubebeshwa kidogo kuliko katika ile ya kawaida. Inawafaa wenye mapaja marefu. Si udanganyifu, wasikutishe.

Kuna chuma cha pembe sita, ambacho unasimama katikati yake na kushika vishikio vya pembeni. Mzigo hauko mbele yako tena, uko sambamba na mwili. Kama kiuno chako kina historia ya maumivu, hicho ndicho ningekupa kwanza kati ya vyote vya kutoka sakafuni. Mafundi wa jua kali wanaweza kukiunganisha ukiwachorea vizuri. Kabla ya kukiamini, kipakie uzito wote unaokusudia, kiinue kidogo tu juu ya sakafu, kirudishe, kisha kagua kila kiungo cha welding kwa macho na kwa kidole.

Kwa nini kila mara naambiwa niweke mzigo karibu na mwili?

Kwa sababu ya hesabu ambayo haina huruma. Misuli ya kiuno imepita sentimita 5 hadi 6 tu nyuma ya katikati ya pingili. Mzigo ulio mbele yako uko mbali zaidi. Chukua mtungi wa maji wa lita 20, yaani kilo 20. Ukiushika sentimita 40 mbele ya uti, hiyo ni karibu mara 8 ya ule umbali mdogo wa misuli, na ili usianguke misuli hiyo lazima ivute kwa nguvu ya takriban kilo 160. Hapo bado hujahesabu uzito wa kifua, kichwa na mikono yako. Usogeze mtungi uleule hadi sentimita 20 na nguvu hiyo inapungua nusu.

Kwa hiyo chuma kinapopanda, kiguse miundi na mapaja. Ukiona nafasi ya vidole viwili kati ya chuma na mguu, umeshaanza kukilipisha kiuno ziada.

Nitajuaje kama nainama vizuri?

Chukua mti wa ufagio, uweke wima mgongoni. Uguse kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa mkia. Mkono mmoja uushike nyuma ya shingo, mwingine nyuma ya kiuno. Sasa sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango kwa makalio huku umebeba sufuria. Magoti yalegee kidogo. Mti ukiachana na sehemu yoyote kati ya hizo tatu, simama uanze upya. Watu wengi hupoteza mfupa wa mkia kwanza, maana yake kiuno kimekunjika. Wengine hupoteza kisogo kwa kujitazama kwenye kioo.

Ukishaweza mara 10 mfululizo bila mti kuachana na mwili, shika dambeli.

Benchi la kiuno litumiweje, na kama jimu yetu haina?

Kila kitu kiko kwenye mto. Ukiuweka chini ya mkunjo wa nyonga, nyonga zinakuwa huru, na zoezi linakuwa la makalio na nyuma ya mapaja, kiuno kikishikilia tu. Ukiupandisha mpaka ukae juu ya mifupa ya nyonga, nyonga zinabanwa na kiuno kinalazimika kujikunja na kujinyoosha chenyewe. Benchi moja, mazoezi mawili tofauti. Naona watu wengi wakilitumia kwa namna ya kwanza wakiamini wanafanya ya pili.

Kwa namna ya pili, shuka polepole kwa sekunde 3, ukikunja mgongo pingili baada ya pingili, kisha panda mpaka mwili uwe mstari ulionyooka. Usipite hapo. Kujirusha nyuma mpaka kiuno kipinde kama upinde hakuongezi nguvu, kunabana viungo vidogo vya nyuma ya pingili. Usishike sahani kifuani mpaka uweze marudio 15 bila kuharakisha. Mwenye maumivu ya diski yanayozidi akiinama aanze na kushikilia tu, mwili ukiwa umenyooka, bila kushuka.

Kama benchi hakuna, lala kifudifudi juu ya meza imara, nyonga zikiwa ukingoni na kifua nje, mwenzako akalie nyuma ya miguu yako. Akiwa hana uzito wa kutosha, wawe wawili.

Au geuza: kifua kiwe juu ya meza, miguu ining'inie, uinue miguu mpaka ilingane na mwili. Louie Simmons, mwanzilishi wa jimu ya Westside Barbell kule Ohio, Marekani, alitengeneza mashine maalumu ya mwendo huo baada ya kuvunjika mgongo, na wanyanyuaji wakubwa wameitumia tangu hapo. Bila mashine, funga tyubu ya baiskeli kwenye miguu ya meza na vifundoni. Ni zoezi la upole kwa watu wengi wenye kiuno kilichochoka.

Na ile ya kuinama chuma kikiwa mabegani?

Gudi moningi. Ni zoezi zuri na mimi hulichelewesha. Chuma kikiwa shingoni kiko mbali kabisa na kiuno, kwa hiyo kilo 40 hapo zinakidai kiuno kuliko kilo 40 mkononi. Likikushinda huwezi kuliachia sakafuni kama dedilifti. Likifanywa, liwe jepesi, marudio 8 hadi 10, baada ya miezi kadhaa ya dedilifti ya Kirumania.

Kuzungusha ketilibeli kunasaidia kiuno?

Ketilibeli ni chuma cha mviringo chenye mshikio juu. Kuizungusha kunasaidia makalio, kasi na pumzi. Kwa kiuno jibu linategemea mtu. Mwaka 2012 Stuart McGill na Leigh Marshall wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walipima zoezi hili wakaona kwamba huzisukuma pingili za chini kuelekea upande tofauti na ule wa kunyanyua kwa kawaida. Ndiyo maana kuna mtu anayeinua dedilifti nzito bila tatizo, na ketilibeli ya kilo 16 inamsumbua. Akikwambia hivyo mwamini, na mpe zoezi jingine.

Naona wengi wakilala kifudifudi na kuinua mikono na miguu pamoja. Nifanye?

Usifanye. Linaonekana jepesi kwa sababu halina chuma, lakini McGill alipolipima alikuta mgandamizo wa zaidi ya niutoni 6,000 kwenye kiuno (niutoni ni kipimo cha nguvu; 10 ni kama uzito wa kilo 1). Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, huanza kuwa na wasiwasi mgandamizo wa kunyanyua mizigo unapofika niutoni 3,400. Huo ni mgandamizo mkubwa kwa faida ndogo.

Badala yake piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto mpaka vilingane na mgongo, shikilia sekunde 10, badilisha. Weka chupa ya maji iliyolazwa juu ya kiuno. Ikianguka, umezungusha nyonga. Ongeza planki ya ubavuni, yaani kulala ubavu na kuinua nyonga ukiegemea kiwiko, kila upande, ambayo humfikia yule msuli wa pembeni ambaye dedilifti haimgusi ipasavyo. Haya mawili McGill huyapendekeza kwa karibu kila mwenye kiuno kibovu, na mimi huyatumia kama matayarisho kabla ya chuma chochote.

Mimi napakia magunia kutwa. Kwani hiyo si mazoezi tayari?

Swali hili hulileta wapakiaji wa sokoni, wakataji miwa wa Muhoroni na Chemelil, na akina mama wanaopanda mpunga Ahero wakiwa wameinama tangu asubuhi hadi jua la utosi. Nalijibu kwa uzito kwa sababu wao ndio wanaoumia zaidi, na mara nyingi ndio wanaoambiwa wapumzike tu.

Kazi yako inakichosha kiuno. Mazoezi hukijenga. Tofauti iko kwenye mpango. Jimuni unaanza na uzito unaouweza, unaongeza kidogo, unapumzika, mwili unapata nafasi ya kujirekebisha. Gunia halikuulizi umelalaje jana. Kanuni ya NIOSH ya mwaka 1991 inaweka kilo 23 kuwa kikomo cha kunyanyua hata pale hali zote zinapokuwa nzuri kabisa: mzigo uko karibu, uko kimo cha kiuno, hujajizungusha. Mfuko wa saruji una kilo 50. Gunia la mahindi lililozoeleka kwetu ni kilo 90. Kanuni za Kenya za viazi za mwaka 2019 zilikataza mfuko kupita kilo 50, na hata hizo 50 ni zaidi ya maradufu ya kikomo hicho.

Kwa hiyo siku zako za mazoezi ziwe chache na nyepesi kuliko za karani wa ofisi. Siku ya kupakia usifanye dedilifti nzito. Fanya benchi la kiuno mara moja kwa wiki, planki ya ubavuni mara 2 au 3, na dedilifti ya Kirumania siku ya mapumziko kwa mzigo wa wastani, ili mwili ukumbuke namna ya kuinama. Kwa mama wa mpunga au wa jembe, ambaye shida yake si uzito bali saa nyingi za kuinama, namwomba asimame kila baada ya mstari, aweke mikono kiunoni, ajinyooshe nyuma mara 5 taratibu. Kisha jimuni au nyumbani ajenge ustahimilivu, yaani kushikilia kwa muda, kabla ya nguvu.

Mara ngapi kwa wiki, seti ngapi, uzito gani?

Kiuno hakihitaji kupigwa kila siku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walichapisha mwaka 1990 kwamba kwa zoezi la kunyoosha kiuno kikiwa kimetengwa, mara moja kwa wiki ilileta maendeleo sawa na mara 2 au 3. Kwa hiyo benchi au mashine, mara 1, ukipenda 2. Seti 2 au 3 za marudio 10 hadi 15, polepole. Seti ni marudio ya mfululizo kabla ya kupumzika.

Dedilifti mara 1 au 2 kwa wiki, seti 3 za marudio 5 hadi 8. Acha ukiwa bado na marudio 2 mwilini. Ongeza kilo 2.5 au 5 pale tu seti zote zilipokwenda vizuri. Siku kiuno kinapokunjika kabla ya miguu kuchoka, seti imeisha, hata kama ulipanga marudio mengine.

Mkanda wa kiuno unanisaidia?

Kwa seti nzito kabisa, ndiyo, kwa sababu unalipatia tumbo kitu cha kusukumia na shinikizo la ndani linaushikilia uti. Haujengi misuli. Na usiuvae kazini ukidhani utakukinga: mwaka 1994 NIOSH ilitangaza kwamba haipendekezi mikanda kama kinga kwa wafanyakazi wasioumia. Mwenye presha asibane pumzi na kukaza sana bila kuzungumza na daktari, kwa kuwa kitendo hicho huipandisha presha ghafla.

Picha ya MRI imeonyesha diski imevimba. Vyuma vimeisha kwangu?

Mara nyingi havijaisha. Mwaka 2015 Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti za picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski iliyovimba. Kati ya wenye miaka 80, asilimia 84. Watu hawa wote walikuwa wakitembea na maisha yao. Picha peke yake haisemi mengi mpaka ilinganishwe na mwili wako: maumivu yanashuka mguuni? Kuna ganzi? Nguvu za kidole gumba cha mguu zimepungua?

Nenda na picha hiyo kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali za kaunti zinao, na kwa hapa Kisumu wako pia katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Akikuruhusu, rudi na karatasi yake tuanze na chupa ya maji juu ya kiuno.

Mama yangu ana miaka 63. Si atavunjika?

Heshima yake kwanza: apimwe presha na mifupa, na asianze bila mtu wa kumsimamia. Baada ya hapo, simzuii. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la wanawake 101 waliokwisha koma hedhi, wenye mifupa iliyopungua uzito. Walioinua vyuma vizito, dedilifti ikiwemo, mara 2 kwa wiki kwa dakika 30 tu, chini ya uangalizi, baada ya miezi 8 mifupa ya kiuno chao iliongezeka uzito kwa asilimia 2.9. Waliofanya mazoezi mepesi nyumbani walipungukiwa. Mama aanze kwa kuinua mtungi wenye lita 5 kutoka juu ya stuli. Lita zitaongezeka zenyewe.

Asubuhi au jioni?

Jioni, au angalau saa moja baada ya kuamka. Usiku diski hufyonza maji na asubuhi zinakuwa zimejaa, kwa hiyo kuinama huzivuta zaidi. Mwaka 1998 Snook na wenzake, Marekani, waliwafundisha watu wenye maumivu sugu wasiiname saa za mwanzo za asubuhi, na maumivu yakapungua. Mwenye boda anayepita jimuni saa kumi na mbili alfajiri afanye miguu na mabega kwanza, kiuno mwishoni.

Maumivu gani nisiyapeleke jimuni?

Uchovu wa misuli wa siku moja au mbili baada ya zoezi jipya ni kawaida. Haya si kawaida:

Ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, miguu yote miwili kulegea ghafla. Hapo unakwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Homa, kutokwa jasho usiku, kukonda bila sababu, maumivu yasiyopungua hata ukilala. TB hushika mifupa ya mgongo pia, na kwetu TB ipo. Mtu akinijia na kikohozi cha wiki nyingi na kiuno kinachouma usiku simgusishi chuma. Namwelekeza apimwe, na vipimo vya TB ni bure katika vituo vya serikali.

Mgongo kuuma baada ya kuanguka na pikipiki. Maumivu ya upande mmoja yenye homa na mkojo unaowasha, kwa kuwa figo ziko jirani. Na kwa mwenye selimundu, ugonjwa ulio mwingi katika eneo letu la ziwa, maumivu makali ya mgongo yanaweza kuwa shambulio la ugonjwa wenyewe. Huyo anahitaji maji, dawa na daktari wake.

Usimeze dawa ya maumivu ili uweze kuinua. Ukihitaji dawa kabla ya seti, hiyo si siku ya kiuno.

Nitapimaje kama kiuno kimepata nguvu?

Uzito wa dedilifti haukupi jibu lote, kwa sababu zilizotajwa hapo juu. Tumia kipimo cha Biering-Sørensen, mtafiti wa Denmark. Lala kifudifudi mezani, nyonga ukingoni, miguu imeshikiliwa, mikono imekunjwa kifuani, na mwili wa juu uning'inie hewani ukiwa umenyooka sambamba na sakafu. Mwenzako aanze kuhesabu kwa simu. Kipimo huishia sekunde 240. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 1984, wanaume walioshindwa kufika sekunde 176 ndio walioelekea zaidi kupata maumivu ya kiuno kwa mara ya kwanza katika mwaka uliofuata.

Wengi huanza chini ya hapo, na wenye dedilifti kubwa hushangaa kuliko wote. Andika sekunde zako, fanya wiki 8 za mazoezi, kisha rudia kwenye meza ileile, saa ileile ya siku, na mtu yuleyule akiwa ameshika miguu.